Kukariri listi, kuvunja neno vipande au kuanza na mgonjwa: ipi ikufae kwenye maneno ya mifupa na misuli

Mtoto wa mama mdogo kaanza mwaka wa kwanza wa diploma ya utabibu, na wiki ya tatu tu akanipigia simu usiku sauti imekauka, dada mi naona niache, wametupa notsi za mifupa na misuli kurasa arobaini na kitu na kila mstari una neno ambalo hata mwalimu mwenyewe kabla hajalitamka anameza mate kwanza. Nilicheka, maana na mimi miaka ile nililia hivyohivyo, tofauti ni kwamba mi nililia chooni ili niliyekaa naye chumba asinisikie. Akaniuliza, hivi we ulitumia njia gani? Na hapo ndo nikakwama, kwa sababu ukweli nilitumia njia tatu kwa nyakati tofauti, kila moja ilinibeba mahali na kunibwaga mahali, na hakuna aliyewahi kuniambia mapema ipi ni ya kazi gani.

Basi nazilinganisha hapa. Ya kwanza ni kukariri listi, neno na maana yake, neno na maana yake, iwe kwa daftari au kwa apu ya flashikadi. Ya pili ni kuvunja neno vipande, yaani unashika vipande vinavyojenga maneno badala ya kushika neno zima. Ya tatu unaanzia kwa mgonjwa, unachukua Kiswahili anachosema mtu akiingia mlangoni afu unatembea nacho mpaka kwenye neno la kitabuni. Kabla hujachagua jiulize kitu kimoja, haya maneno unayataka ili uyasome au ili uyasikie? Anayesoma faili, ripoti ya eksirei au karatasi ya mtihani ana shida yake, na anayemsikiliza bibi aliyeshika kiuno ana shida nyingine kabisa, hizi njia hazitibu ugonjwa mmoja.

Maneno ya kitabuni nitayaandika kwa tahajia ya kitabuni kwa sababu msahihishaji hatakuhurumia ukiandika ya mtaani, na utaona huko mbele herufi moja inavyoweza kukuaibisha.

Kukariri listi

Kukariri kunasemwa vibaya sana, tena na watu ambao wenyewe walifaulu kwa kukariri. Mtu mzima ana mifupa 206, misuli ya kuiendesha hiyo mifupa ni zaidi ya 600, na majina mengi hayana mlango wa kuingilia, femur ni femur, humerus ni humerus, utavunja nini hapo? Mifupa midogo ya kifundo cha mkono iko 8, ya nyuma ya wayo pamoja na kisigino iko 7, na mwalimu anaitaka kwa mpangilio, safu ya kwanza kuanzia upande wa dole gumba mpaka upande wa kidole cha mwisho afu safu ya pili vilevile. Hapo hamna ujanja, unakaa chini unaimba. Darasa letu lilikuwa na sentensi ya Kiswahili ambayo kila neno linaanza na herufi ya kwanza ya mfupa, siiandiki kwa heshima ya wazazi.

Faida ya listi ni kasi. Zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani, hakuna njia inayoishinda, asikudanganye mtu. Apu za flashikadi zimeiongezea nguvu kwa sababu neno ulilokosea zinakurudishia mapema, ulilopata zinalisogeza mbele siku kadhaa, kwa hiyo hupotezi muda kwenye lile unalolijua tayari. Apu moja inaitwa Anki, kwenye Android ni bure, kwenye iPhone unalipia na si hela ya kuokota, so angalia simu uliyonayo kabla hujaanza kumwonea mwenzio wivu. Huna simu ya maana? Kata maboksi ya glavu vipande, andika mbele na nyuma, kazi ni ileile, mi ndo nilivyofanya na mpaka leo vingine viko kwenye begi la nguo za zamani nyumbani.

Ubaya wake sasa. Listi haikwambii kwamba neno hili lina pacha wake. Tuliulizwa tutaje mifupa mitatu inayoungana kutengeneza mfupa wa nyonga, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa ileum, ischium, pubis. Kumbe ileum kwa e ni kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, mfupa ni ilium kwa i. Yaani nimemjazia mgonjwa utumbo kwenye nyonga. Mwalimu alizungushia wino mwekundu afu pembeni akachora kautumbo, darasa zima likakaona. Kuna pia malleus na malleolus, la kwanza ni kamfupa ka ndani ya sikio, la pili ni lile nundu la kifundo cha mguu linalogonga kwenye meza za chini na kukutoa machozi. Yote maana yake nyundo, na malleolus kwa Kilatini ni nyundo ndogo, cha ajabu nyundo ndogo ndo kubwa mara nyingi kuliko nyundo yenyewe. Ukiwa na listi tu hayo mawili yanaingiliana kichwani na hujui hata kama yameingiliana, mpaka siku uandike kwenye faili kwamba mgonjwa kavunjika sikio.

Kuvunja neno vipande

Hii ndo niliyochelewa kuijua, na kama ningerudi mwaka wa kwanza ningeanza nayo. Maneno mengi ya magonjwa na upasuaji ni treni, mbele kuna sehemu ya mwili, nyuma kuna kilichoipata au kilichofanywa. Osteo ni mfupa, arthro kiungio, myo msuli, chondro gegedu, teno kano, spondylo pingili za uti wa mgongo. Mikia nayo, algia ni maumivu, malacia kulainika, penia upungufu, scopy kuchungulia, plasty kutengeneza, ectomy kukata na kutoa. Vipande thelathini arobaini hivi vinakuzalia mamia ya maneno ambayo hujawahi hata kukutana nayo, na hapo ndo listi inapoachwa mbali, maana listi inakupa ulichokariri tu basi.

Chukua kiungio kimoja, mfano goti. Arthroscopy wamechungulia ndani kwa kamera. Arthrocentesis wamechoma sindano wakavuta maji. Arthrotomy wamelifungua kwa kisu. Arthroplasty wamelitengeneza upya, ndo hizi wanazoita kuwekewa goti la bandia. Arthrodesis wameunganisha mifupa ishikane, goti halitakunja tena. Ukiangalia hizo mbili za mwisho, kwenye listi zinakaa jirani na zinafanana sura, ila mgonjwa mmoja anatoka hospitali anatarajia kupanda ngazi kwa kukunja mguu na mwingine inabidi aanze kuzoea kukaa kwenye daladala mguu umenyooka kama mwiko. Mwenye vipande hawezi kuzichanganya, desis ni kufunga, mwisho wa habari.

Mgongo ndo unaonyesha zaidi. Kuna spondylosis, spondylitis, spondylolysis na spondylolisthesis, na nakuhakikishia nusu ya darasa letu tulikuwa tunaziandika kwa kubahatisha. Zivunje. Osis ni hali tu, hapa kuchakaa kwa pingili na diski kunakokuja na umri, ndo ile ripoti ya eksirei ya kila mzee. Itis ni inflamesheni, kuna joto na ukakamavu wa asubuhi. Lysis ni kukatika, hapa pingili imepata ufa kwenye kale kadaraja kembamba ka nyuma, utaona kwa vijana wa michezo wanaojipinda mgongo sana. Listhesis ni kuteleza, pingili moja imesogea juu ya mwenzake. Na ukishajua hivyo unaona hata uhusiano wenyewe, lysis inaweza kuzaa listhesis, kadaraja kakikatika pingili inapata nafasi ya kuteleza. Listi haiwezi kukupa hiyo.

Halafu osteoporosis na osteomalacia, ambazo mtaani zote ni mifupa imelainika. Ya kwanza mfupa umepungua ukawa na matundu ila ule uliobaki ni mfupa wa kawaida, kama tofali lililoliwa. Ya pili mfupa upo ila madini hayajauingia vizuri, ni zege iliyonyimwa saruji. Penia inaingia kabla, osteopenia ni upungufu ambao haujafika mbali, kwenye kile kipimo cha uzito wa mfupa wanahesabu kati ya -1 na -2.5, ikifika -2.5 kwenda chini wanaiita osteoporosis. Umeelewa matatu kwa mpigo.

Lakini nayo inadanganya, na inadanganya kwa kujiamini, hapo ndo ubaya. Osteoarthritis ukiivunja unapata inflamesheni ya mfupa na kiungio, wakati kinachotawala pale ni gegedu kuchakaa na mfupa kujaribu kujirekebisha kwa kuota vijipembe, ndo maana wapo waliopendelea kuiita osteoarthrosis. Mwanafunzi anayeamini vipande kama msahafu atakimbilia kuifananisha na rheumatoid arthritis, ambayo kweli ni kinga ya mwili kushambulia viungio na inaanza kwa kawaida na vidole vya mikono pande zote mbili. Kipande kingine muongo ni myelo. Kina maana mbili, uboho wa ndani ya mfupa na uti wa mgongo wenyewe ule wa neva. Kwa hiyo osteomyelitis ni maambukizi ya mfupa na uboho wake, poliomyelitis ni ya uti wa neva, na myo bila el ni msuli, kwa hiyo myoma na myeloma hazina hata undugu wa mbali, moja ni uvimbe wa msuli na nyingine ni saratani ya seli za kwenye uboho. Herufi mbili tatu hizo.

Na kuna maneno ambayo ukiyavunja unapata historia badala ya maana. Ortopediki ilitungwa na daktari Mfaransa Nicolas Andry mwaka 1741 kwa maneno ya Kigiriki ya kunyoosha na mtoto, alikuwa anaongelea watoto waliopinda. Nenda wodi yoyote ya mifupa leo uhesabu watoto na uhesabu bodaboda, uniambie. Yale ya majina ya watu ndo kabisa hayavunjiki, mvunjiko wa Colles pale juu ya kifundo cha mkono ni jina la Abraham Colles wa Dublin aliyeuelezea mwaka 1814, na mgongo wa Pott, yaani kifua kikuu cha uti wa mgongo, ni Percivall Pott. Hayo rudi kwenye listi, hamna namna.

Katikati hapo kuna kanjia ka picha

Sijakahesabu kama njia ya nne kwa sababu hakatoshi peke yake, ila kwa majina ya mifupa na misuli kananoga kuliko vyote. Wale wazee wa anatomia walikuwa wanaita vitu kwa vyombo vya nyumbani kwao. Patella ni kisahani. Clavicula, huu mtulinga, ni kiufunguo. Tibia, muundi wetu, ni filimbi. Acetabulum, lile shimo la nyonga linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, ni kikombe cha siki, nadhani siku waliyotunga hilo walikuwa na njaa. Musculus ni kapanya, kunja mkono wako uangalie kinachokimbia chini ya ngozi utawaelewa.

Kinachonifurahisha ni kwamba Waswahili walifanya kitu kilekile bila kuulizana na mtu. Mrumi kaona kisahani kwenye goti, sisi tukaona pia, ile wanayozungusha watoto, tukaita pia ya goti. Mgiriki kaangalia nyuma ya mguu kaona tumbo, gastrocnemius ni tumbo la mguu, sisi tukaona shavu, shavu la mguu. Mi nikimfundisha mtu napenda kumwekea hizo picha mbili pamoja, hasahau. Sartorius, msuli mrefu kuliko yote unaokatiza paja kutoka nje ya nyonga mpaka ndani ya goti, ni msuli wa fundi nguo kwa sababu mafundi wa zamani huko walikaa wamekunja miguu chini, hapa kwetu fundi cherehani anakaa kwenye stuli kwa hiyo picha inakataa kidogo, mwambie mwanafunzi afikirie amekaa mkekani anakula wali wa sinia.

Ile mifupa 8 ya kifundo cha mkono nayo ina picha, mwezi, njegere, ndoano, na wa kwanza scaphoid ni mtumbwi. Huo mtumbwi ushike vizuri hata ukisahau mingine. Mtu kadondoka na pikipiki kakinga kwa kiganja, eksirei ya siku ile inaweza kutoka safi kabisa, ila ukibonyeza kale kashimo kanakotokea chini ya dole gumba ukilinyoosha anaruka. Damu inaingia kwenye huo mfupa kutokea mbele kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati kipande cha nyuma kinaweza kubaki bila damu kikafa. Mwambie aende akafungwe plasta na arudi kupigwa picha tena baada ya siku kumi hivi mpaka wiki mbili, usimwambie umeteguka tu nenda kachue.

Kuanza na mgonjwa

Nilipoanza mazoezi ya wodini nilikuwa nimeiva kwa vipande, najiona profesa. Akaja bibi mmoja, nikamsalimia shikamoo bibi, marahaba mwanangu, shida nini? Mishipa, anasema, mishipa ya mguu imekaza. Nikaandika kwenye karatasi tatizo la mishipa ya damu mguuni, nikaanza kutafuta mapigo ya damu kwenye wayo, mapigo yapo tena mazuri, nikachanganyikiwa. Nesi wa zamani aliyekuwa pale akaniangalia akasema we binti, muulize mshipa upi na unakaza saa ngapi. Kumbe ni shavu la mguu linambana usiku, msuli tu unajikaza.

Mshipa kwenye Kiswahili cha watu ni kabati lisilo na rafu. Ni mshipa wa damu, ni neva, ni kano, ni msuli uliokaza, na ukienda pwani mwanaume mzima akikwambia anaumwa mshipa anaweza kuwa anaongelea ngiri na hataki kulitaja. Mguu nao unaanzia nyongani unaishia ukuchani, mkono unaanzia begani mpaka ncha ya kidole, kitabuni huko hayo ni maeneo manne matano kila moja na jina lake. Kiuno kinauma mara nyingi ni mgongo wa chini, huku nyonga ikiuma anaweza kukushika kinena au akakushika tako. Kuteguka ndo balaa, kuna wanaosema kateguka wakimaanisha ligamenti zimevutika kwenye kifundo, na kuna wanaosema kateguka bega wakimaanisha limechomoka kabisa kwenye sehemu yake, la kwanza unafunga bandeji unapumzisha na la pili ukichelewa neva zinaumia. Na baridi yabisi, anayetumia hilo neno anaweza kuwa na rheumatoid ya kweli, au goti lililochakaa, au hana chochote ila mvua imenyesha.

Kwa hiyo njia hii haikufundishi maneno ya kitabuni haraka, tuseme ukweli, ukienda nayo peke yake kwenye mtihani unafeli. Inachokufundisha ni kutokuamini neno mpaka mtu aweke kidole. Siku hizi kabla sijaandika neno lolote la kitabuni namwambia nionyeshe kwa kidole kimoja, kimoja sio kiganja kizima, afu nauliza ilianzaje na inauma wakati gani.

Uzuri wake mwingine ni kwamba yale machache unayoyapata hivyo hayatoki. Jongo mfano. Kwenye listi ni jina la ugonjwa na maana yake, asidi ya yuriki inaganda viungioni. Kwa vipande hupati kitu, ila jina lake la zamani la Kigiriki likiwa kwenye dole gumba la mguu ni podagra, mtego wa mguu. Kwa mgonjwa ni baba wa miaka hamsini kaamka saa tisa usiku dole gumba limevimba jekundu, linawaka, hata shuka likiligusa anapiga kelele, na juzi kulikuwa na harusi. Ukishamwona huyo baba hata ukiamshwa usingizini utalisema.

Matege pia, maana hapa kila njia inakupa jibu tofauti. Listi inasema rikets, upungufu wa vitamini D kwa mtoto. Lakini ukiwa Arusha na Meru huko, kwenye maji yenye floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa, mtoto mwenye miguu iliyopinda unamwambia kwanza afungue mdomo umwangalie meno, yakiwa na madoa ya kahawia unauliza maji wanachota wapi. Kifua kikuu cha mgongo kinachekesha na kusikitisha, ukimwambia mtu una kifua kikuu cha uti wa mgongo anakuangalia anasema daktari mi sikohoi, kifua kimefikaje mgongoni? Hapo jina letu ndo limetuangusha, ugonjwa tumeupa jina la kiungo kimoja wakati unatembea, kwa hiyo jiandae kueleza kabla hujataja, la sivyo anaenda kwa mtu mwingine na kibiongo kinaendelea kuota.

Na usidhani safari ni ya upande mmoja, maneno ya kitabuni kushuka kwetu tu. Kuna yaliyopanda. Chikungunya, ile homa inayoletwa na mbu, ni Kimakonde, ilitoka kwenye mlipuko wa mwaka 1952 kule uwanda wa Makonde upande wa Newala, wenyewe waliuita hivyo kwa vile viungo vinauma mpaka mtu anatembea amekunjika, na sasa daktari wa Brazil au India anaandika neno hilohilo kwenye faili. O'nyong'nyong, homa nyingine ya namna hiyo, ni Kiacholi, Uganda 1959, nayo ni habari ya viungo kuvunjwavunjwa. Watu wale walielezea dalili vizuri kiasi kwamba wataalamu waliona hakuna haja ya kutunga jipya.

Sasa uchague ipi

Mtihani uko wiki mbili mbele na hujashika kitu: listi, usijisumbue na falsafa, ila tenga kijikaratasi kimoja cha mapacha peke yao, ilium na ileum, malleus na malleolus, myo na myelo, hicho kisome kila asubuhi kabla ya chai.

Una muhula mzima: vipande kwanza. Wiki za mwanzo utaona wenzio wa listi wanakupita kwenye vijaribio, wataje majina ishirini we unataja nane, vumilia. Ikifika sehemu ya magonjwa na upasuaji wao wanaanza upya na we unasoma kama gazeti. Majina ya mifupa yenyewe usiyavunje, yapake picha.

Uko mapokezi, uko duka la dawa, we ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii: anza na mgonjwa, na jifunze vipande kama kumi tu vya kukuwezesha kusoma karatasi aliyopewa hospitali ya wilaya. Hutaulizwa mifupa 8 na mtu.

Wale mnaotafsiri hospitalini huko Marekani na Kanada kwa familia za Kikongo, nyie kazi yenu ni ngumu kuliko yetu sote, daktari anasema la kitabuni, mama anasema la kwake, na Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja. Nyie vipande na mgonjwa vyote viwili kwa pamoja, listi iwekeni kando, kwa sababu mkikariri kwamba neno fulani ni mishipa mtakuwa mmebeba lile kabati lote mkampelekea daktari. Mfizioterapia naye simshauri sana, wao misuli wanaijua kwa vidole kabla ya majina, nawaonea wivu.

Gharama zikoje? Listi inakula usiku. Vipande vinakula subira ila hela hamna, daftari moja la kurasa 48 linatosha. Ya mgonjwa inakula aibu, maana lazima ukubali kuuliza maswali ya kijinga mbele ya watu wazima waliovaa koti jeupe.

Huyu mdogo wangu nilimpangia vipande mpaka sikukuu, afu jioni moja kwa wiki aende kukaa na shangazi yake mwenye duka la dawa asikilize tu watu wanasema nini. Juzi katuma voisi noti, hajalia safari hii, anauliza dada mbona mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi unaitwa fibula halafu neva inayopita hapohapo pembeni wanaiita peroneal, si walitakiwa waiite ya fibula? Nikamwambia fibula ni pini ya Mrumi ya kubania nguo, perone ni pini ileile kwa Mgiriki, na wenyewe walishaliona hilo, kwenye orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya mwaka 1998 waliiweka kuwa neva ya fibula, ila madaktari wengi bado wanasema la zamani kwa hiyo ashike yote mawili. Akajibu sawa, ila dada, shangazi huku anasema ni mshipa.